Stika, bahasha na namba moja ya manjano

Ukituma ujumbe kwa KakaoTalk, programu ambayo karibu kila mtu Korea Kusini anayo kwenye simu yake, pembeni mwa maneno yako hutokea namba 1 ndogo ya manjano. Mwenzako akifungua ujumbe, ile 1 inatoweka. Kwenye kundi la watu kumi unaanza na 9, halafu inashuka taratibu: 8, 5, 2, mpaka inafutika. Sisi tuna tiki mbili za bluu za WhatsApp, lakini hebu tazama tofauti. Tiki zetu zinatangaza aliyesoma. Namba ya Wakorea inahesabu ambao bado, na mtumaji anakaa akiitazama ikipungua kama mpishi anayechungulia chungu. Wakorea wana hata neno la kitendo cha kusoma ukanyamaza: ikssip, yaani kusoma ukatafuna. Kwetu vijana wanasema "kanila bluu tiki", na hapo pia, kwa sababu nisiyoijua, kuna kula.

Nimeanza na kitu kidogo hivi makusudi. Kampuni za mitandao ya kijamii zikieleza jinsi zinavyoingia Asia, husema zimeifanya programu iendane na "ladha ya wenyeji". Msikilizaji anawaza menyu iliyotafsiriwa, rangi zilizobadilishwa, mchezaji mpira maarufu kwenye tangazo. Hayo yapo. Lakini ukifuatilia programu zilizoota mizizi na zile zilizonyauka kule, unakuta kilichoamua mara nyingi si ladha. Ni adabu: nani aanze kusalimia, nani aruhusiwe kukaa kimya, fedha itolewe vipi bila kumwaibisha anayepewa, na mtu anaagaje anapotaka kuondoka barazani.

Hilo la kuaga lilifika hadi bungeni. KakaoTalk ilianza Machi 2010, na kwa zaidi ya miaka kumi mtu akijitoa kwenye kundi, programu ilitangaza kwa wote kwamba fulani ameondoka. Yeyote aliyewahi kuwekwa kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu wa rafiki wa jirani anajua uzito wa tangazo hilo. Hutaki kubaki, jumbe mia kwa siku, na hutaki kuonekana umewakimbia. Korea, ambako lugha yenyewe hubadilika kulingana na umri na cheo cha unayesema naye, kuondoka kwenye kundi ambalo bosi yumo ni jambo zito zaidi. Mapema mwaka 2023 muswada uliwasilishwa bungeni kutaka programu ziruhusu watu kuondoka kimyakimya, na Mei mwaka huohuo Kakao ikaongeza chaguo hilo. WhatsApp ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka mmoja nyuma, ila yenyewe huwaarifu wasimamizi wa kundi. Kitufe chenyewe ni mstari mmoja wa maandishi kwenye menyu. Kabla hakijakuwepo, watu wazima walivumilia mamia ya jumbe ili wasionekane wakorofi.

Dubu asiye na uso

Hadithi ya Japani inaanza na tetemeko. Tarehe 11 Machi 2011 ardhi ilitikisika kaskazini mashariki mwa nchi, tsunami ikafuata, na laini za simu zikaelemewa kiasi kwamba kupiga kulishindikana sehemu nyingi. Intaneti iliendelea kufanya kazi hapa na pale. Kampuni ya NHN Japan, tawi la Naver ya Korea, ikaharakisha kutengeneza programu ya ujumbe, na tarehe 23 Juni mwaka huohuo LINE ikazinduliwa. Alama yake ya "umesomwa" mara nyingi huelezwa kwa kumbukumbu ya siku zile: ndugu yako aliye chini ya kifusi au kwenye kambi huenda hawezi kujibu, lakini ukiona amesoma unajua yu hai.

Baada ya muda alama ileile ikawa mzigo. Miaka michache tu na wanafunzi wa shule wakawa wanalalamika juu ya kidoku suru, kusomwa na kupuuzwa. Nchi ile ina lugha ya heshima yenye ngazi kadhaa, kitenzi kimoja kikiwa na sura tofauti kwa mwalimu, kwa mteja na kwa mdogo wako. Ujumbe ukishaonyesha umesomwa, unadaiwa jibu, na jibu lenyewe linadai uchague ngazi. Usiku wa manane, umechoka, mwenzio wa kazini amekuandikia "asante kwa leo". Utamjibu nini? Ukiandika kifupi umemdharau. Ukiandika kirefu atajiona naye anadaiwa kirefu.

Oktoba 2011 LINE ikaleta stika. Wajapani wanaziita sutanpu, mihuri. Za mwanzo zilikuwa na Brown, dubu mwenye uso mtupu usioonyesha furaha wala huzuni. Cony, sungura mwenye hasira za karibu. Moon, kichwa cheupe cha mviringo. Na James, kijana wa nywele za njano anayejipenda kupita kiasi. Si kwamba Japani ilikuwa haijui picha kwenye ujumbe. Kampuni ya simu ya Docomo ilikuwa na emoji 176 tangu 1999. Emoji, hata hivyo, hukaa ndani ya sentensi kama chumvi kwenye mchuzi, na bado unahitaji mchuzi. Stika ni kubwa, inasimama peke yake, inafunga mazungumzo. Dubu anainama kichwa, basi. Umejibu, umeheshimu, hujachagua kitenzi.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanamke wa Unguja au Mombasa aliyevaa khanga yenye jina fulani mbele ya jirani fulani amekwisha kusema, na hakuna atakayeweza kumshika kwa maneno yake. "Nimeivaa tu, ilikuwa ya kwanza kabatini." Khanga inasema, mvaaji hajasema. Stika ya LINE inafanya kazi hiyohiyo, na ndiyo maana sishangai kwamba soko lake lilikua lenyewe. Mei 2014 LINE ilifungua duka ambamo mtu yeyote angeweza kuchora na kuuza stika zake. Humo zikajaa seti za lugha ya heshima kwa ajili ya ofisini, seti za lahaja za mikoani, seti za mama kwa watoto, seti zenye jina la familia moja tu. Kampuni haikukaa tena mezani kukisia ladha za wenyeji. Iliwapa kitambaa na wino, wakachapa majina yao.

LINE leo ina watumiaji zaidi ya milioni 90 Japani kwenyewe, na imetawala pia Taiwan na Thailand. Kwa nini nchi hizo na si Korea, ilikotoka kampuni mama iliyoianzisha? Jibu la kwanza ni la kibiashara tu: Kakao ilishatangulia. Lakini Thailand ina yake. Huko kila siku ya wiki ina rangi yake, Jumatatu njano, Jumanne waridi, na wazee wamejenga desturi ya kutumiana asubuhi picha za maua za rangi ya siku hiyo zenye salamu. Taiwan nako picha za aina hiyo zina jina la utani, "picha za wakubwa", na vijana huzicheka huku wakizipokea kila siku kutoka kwa shangazi zao. Mtandao ulioruhusu salamu nzito nzito za picha, kwa wingi, bila kuuliza maswali, ulikuwa umefungua mlango wa sebule ya bibi.

Facebook ilipita njia nyingine. Iliingia kwa Kijapani mwaka 2008 ikiwa na kanuni yake kuu: jina lako halisi. Wajapani walikuwa wamezoea Mixi, mtandao wa 2004 ambao mtu aliingia kwa kualikwa, akajiita jina la kubuni, na ambao ulionyesha "nyayo" za kila aliyepita kwenye ukurasa wako, mfano wa hodi inayojipiga yenyewe. Facebook ikaongeza hata nafasi ya kuandika kundi la damu, kwa kuwa Wajapani wengi huliona kama dalili ya tabia ya mtu. Ilikuwa ladha ya wenyeji kwa maana ile nyepesi kabisa, na mwanzoni mwa 2011 bado ilikuwa na chini ya watumiaji milioni mbili huko, wakati Mixi ilikuwa na zaidi ya milioni ishirini. Kundi la damu lilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Waliloogopa watu lilikuwa jina. Facebook ilipokua baadaye Japani ilikua zaidi kama kadi ya biashara, mahali pa kuonana na watu wa kazini, ambako jina halisi si tatizo.

Twitter ilikuwa na bahati ambayo haikuitafuta. Kikomo chake kilikuwa herufi 140 kwa ujumbe mmoja. Herufi 140 za Kijapani zinabeba habari nyingi kuliko herufi 140 za Kiingereza, na majina ya kubuni yaliruhusiwa. Kampuni ilipopima mwaka 2017 iliona asilimia 9 ya jumbe za Kiingereza zikigonga ukuta wa 140, na asilimia 0.4 tu za Kijapani. Novemba mwaka huo ilipopandisha kikomo hadi 280, Kijapani, Kichina na Kikorea viliachwa palepale. (Kiswahili, chenye kitenzi kama "wasingalituandikia", kilipewa 280, na kilizihitaji.)

Mkono wa Idi wa Wachina

Sehemu hii napenda kukaa nayo kidogo, maana inaonyesha adabu ikigeuzwa kuwa mtambo.

WeChat, programu ya ujumbe ya China, ilianzishwa na kampuni ya Tencent Januari 2011. Miezi michache baadaye ikaongeza ujumbe wa sauti, jambo lililowapendeza sana wazee ambao kuandika Kichina kwenye simu kuliwachosha. Kufikia 2013 ilikuwa na mamia ya mamilioni ya watu, na pia njia ya kulipia, ila watu walikuwa hawajaunganisha kadi zao za benki. Mpinzani, Alipay ya kundi la Alibaba, alikuwa mbali mbele kwa malipo. Unamshawishije mtu akuamini na kadi yake?

Wachina wana hongbao, bahasha nyekundu yenye fedha, ambayo wakubwa huwapa wadogo wakati wa mwaka mpya wa jadi. Sisi tunaijua chini ya jina lingine: mkono wa Idi. Mtoto amevaa kanzu mpya, anazunguka nyumba kwa nyumba, anasalimia, anashika mkono wa mzee na kutoka na noti. Fedha ile haiombwi wala haihesabiwi mbele ya mtoaji. Mwishoni mwa Januari 2014, siku chache kabla ya mwaka mpya wa Kichina, WeChat ilitoa hongbao ya simuni. Ungeweza kumtumia mtu mmoja kiasi maalumu, jambo la kawaida. Utamu ulikuwa kwenye aina ya pili. Unaweka, tuseme, yuan 50 kwenye kundi la watu kumi na wawili, unazigawa katika bahasha tano, na programu yenyewe inapanga kila bahasha iwe na kiasi gani kwa bahati nasibu. Watano wa kwanza kugusa wanapata. Mmoja anaibuka na yuan 23, mwingine senti chache, na kundi zima linacheka.

Hebu fikiria hiyo bahati nasibu imeondoa nini. Mtoaji angechagua mwenyewe kiasi cha kila mmoja, angekuwa ameweka ngazi: huyu ndugu namthamini hivi, yule vile. Angegawa sawa kwa sawa, ingekuwa mshahara. Bahati inabeba lawama. Mwenye kupata kidogo anailaumu simu, mwenye kupata kingi anaona haya na anatuma bahasha yake, na mzunguko unaendelea. Na kila aliyepata hata senti kumi, akitaka kuitoa, anatakiwa kuunganisha kadi ya benki. Ndani ya siku tisa hivi za mwaka mpya ule watu wapatao milioni 8 walipokea bahasha takriban milioni 40. Jack Ma wa Alibaba alilifananisha tukio hilo na shambulio la Pearl Harbor. Mwaka uliofuata Tencent ikaingia kwenye kipindi cha mkesha cha televisheni ya taifa, CCTV, watazamaji wakitikisa simu zao kuwania bahasha, na usiku huo mmoja bahasha zilizotumwa zilipita bilioni moja.

Wapo wanaosema hii ni hila tu, na mimi sikatai kwamba ni hila. Hata hivyo ilikuwa hila iliyoielewa sherehe. Mbunifu aliyekulia mahali pasipo na mkono wa Idi angetengeneza fomu ya kutuma fedha yenye sehemu ya "kiasi" na sehemu ya "sababu".

WeChat ileile ilitaka kutoka nje ya China. Mwaka 2013 ilimlipa Lionel Messi atokee kwenye matangazo yake ya kimataifa. Kule India ikawatumia waigizaji wa Bollywood, Parineeti Chopra na Varun Dhawan. Nyota walikuwa wa huko, lugha ilikuwa ya huko. Wahindi wakapakua, wakajaribu, na wengi wakarudi WhatsApp, ambako shemeji, mwalimu na muuza maziwa walikuwa tayari. Kilichoifanya WeChat isiachike nyumbani kwake, yaani bahasha, kadi ya benki ya China, sherehe ya mwaka mpya, hakikuweza kupandishwa ndege. Juni 2020, baada ya mapigano ya mpakani na China, serikali ya India ilipiga marufuku programu 59 za Kichina. TikTok, iliyokuwa na watu wengi mno, ilililiwa sana. WeChat ilikuwemo kwenye orodha hiyohiyo na wachache walihisi pengo.

Kubipu na maua ya asubuhi

India, kwa kweli, inatufanana kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi Wahindi walibipu. Unampigia mtu, simu inaita mara moja, unakata: nimefika, nipigie, shuka chini nakungoja. Kampuni ya Bangalore iitwayo ZipDial iliifanya bipu hiyo kuwa biashara: unaipigia namba ya kampuni fulani, inakata bila kukutoza, halafu unaletewa ujumbe au matokeo ya kriketi. Facebook mwaka 2014 ikabuni tangazo ambalo mtu anaweza "kulibipu". Twitter ikaenda mbali zaidi na kuinunua ZipDial Januari 2015, ikitumaini kuwafikia wasio na bando.

Septemba 2016 kampuni ya Jio ikaingia sokoni na data ya bure kwa miezi, na bei ya intaneti India ikaporomoka. Bipu ikapoteza sababu. Wauzaji wa "ladha" hawapendi kusema hivi, lakini tabia nyingine tunazoziita utamaduni ni umaskini wa vocha tu, na vocha ikishuka bei tabia inajiondokea. Ukijenga juu yake lazima ujue umejenga juu ya mchanga.

Salamu za asubuhi, kwa upande mwingine, hazikuondoka. Kadiri data ilivyoshuka bei ndivyo zilivyofurika: waridi lenye umande, jua linachomoza, mtoto mchanga, mungu Ganesha, na maneno ya "asubuhi njema" kwa Kihindi au Kitamil. Nani kati yetu hajui? Ijumaa ikifika simu zetu hujaa "Ijumaa Mubarak" za dhahabu zinazometameta. Januari 2018 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba wataalamu wa Google walipochunguza kwa nini simu za Wahindi zinaganda, walikuta mamilioni ya picha hizo zimejaza kumbukumbu. Google ilikuwa tayari imetoa mwezi mmoja nyuma programu ya kusafisha mafaili, na moja ya kazi zake nchini humo ilikuwa kuzitambua salamu za asubuhi na kuzikusanya pamoja zifutwe kwa mpigo. Napenda mfano huu kwa sababu hakuna aliyewaambia watu waache. Mhandisi hakumkataza mama mkwe kusalimia; alimsaidia mkwe kusafisha baada ya salamu.

Lugha ndiyo ilikuwa mlango uliobaki wazi muda mrefu bila mtu kuingia. Mwaka 2015 vijana watatu waliosoma chuo cha IIT Kanpur walianzisha ShareChat, mtandao ambamo unachagua Kihindi, Kimarathi, Kitelugu, Kimalayalam na nyinginezo, ukafika lugha kumi na tano za India. Kiingereza hakikuwemo kwenye orodha. Watu wa mijini walishangaa, lakini tazama mkono wa mtu anayefungua simu mpya mbele ya wenzake. Akiulizwa lugha, atachagua Kiingereza hata kama anakisoma kwa shida, kwa kuwa ndicho kinachoonekana cha msomi. Mtaani kwetu simu ngapi ziko kwa Kiingereza na mwenye simu anaongea Kiswahili kutwa? Kukiondoa Kiingereza ni kumwondolea mtu aibu ya kutokichagua. TikTok ilipopigwa marufuku, kampuni hiyo ilitoa programu yake ya video fupi, Moj, ndani ya siku mbili hivi.

Na kuna marekebisho yaliyotoka kwenye damu. Mwaka 2018 uvumi wa watekaji watoto ulisambaa kwa WhatsApp vijijini India, na makundi ya watu yakawaua wageni wasio na hatia. Julai mwaka huo WhatsApp ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtumiaji wa India angeweza kuyapelekea ujumbe kwa mara moja hadi matano. Januari 2019 kikomo kilekile kikawekwa duniani kote. Ukijaribu leo kusambaza tangazo la msiba kwa makundi yote ya ukoo kwa mkupuo mmoja ukakwama kwenye tano, umekwama kwenye kanuni iliyojaribiwa kwanza kwa Wahindi.

Ladha ya nani?

Mpaka hapa nimesema "wenyeji" kana kwamba wana mdomo mmoja. Februari 2016 serikali ya Indonesia ilidai stika zenye picha za mapenzi ya jinsia moja ziondolewe, na LINE ikaziondoa kwenye duka lake la nchi hiyo. China, kabla ya kufungiwa mwaka 2014, LINE ilikuwa ikitumia jina la Lianwo na watafiti walishakuta ndani yake orodha ya maneno yaliyozuiwa. Makampuni hueleza hatua hizo kwa lugha ileile ya kuheshimu mazingira ya mahali. Waliozitumia stika zile nchini humo, nao walikuwa Waindonesia. Ukisikia kampuni inasema imefuata ladha ya wenyeji, ni halali kuuliza ni mwenyeji gani aliyekaa upande wa pili wa meza.

Swali hilo lilikosa mtu wa kulijibu kabisa nchini Myanmar. Huko laini ya simu ilikuwa anasa ya mamia ya dola hadi 2014, Telenor na Ooredoo walipoingia na kuziuza kwa dola moja na nusu hivi. Mamilioni ya watu wakapata simu janja ndani ya muda mfupi, na kwa wengi wao Facebook ndiyo ilikuwa intaneti. Kulikuwa na kizingiti cha kifundi ambacho mgeni asingekiona. Wamyanmar wengi waliandika kwa fonti iitwayo Zawgyi, isiyofuata utaratibu wa kimataifa wa Unicode. Kwa jicho maandishi yalionekana sawasawa. Kwa kompyuta yalikuwa vurugu, kiasi kwamba hata mashine ya kutafuta maneno ya chuki haikuweza kuyasoma vizuri. Shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba mapema 2015 Facebook ilikuwa na watu wawili tu wenye kujua Kiburma waliokagua machapisho yenye matatizo.

Wakati huohuo kampeni za chuki dhidi ya Waislamu, na hasa Warohingya, zilikuwa zinapamba moto kwenye ukurasa mmoja hadi mwingine. Mwaka 2014 mwanablogu Nay Phone Latt, aliyewahi kufungwa kwa maandishi yake, na wenzake walianzisha Panzagar, "maneno ya maua". Watu walipigwa picha wakiwa wameshika ua mdomoni. Facebook ikashirikiana nao, na mapema 2015 ikatoa seti ya stika za Panzagar za kubandika chini ya chapisho la chuki: fikiri kabla ya kusambaza, usiwe chanzo cha vurugu. Ukitazama juu juu, hakuna kilichokosekana. Zilitokana na kampeni ya wenyeji, zilikuwa kwa lugha yao, na zilibeba adabu yao ya kumkanya mtu kwa upole bila kumvunjia heshima hadharani, kazi ileile ya dubu wa LINE.

Wanaharakati walioshiriki walikuja kugundua kilichotokea nyuma ya pazia. Mtambo wa Facebook ulihesabu kila stika kuwa dalili kwamba chapisho linawavutia watu. Haukujua kusoma ua. Lilipobandikwa ua moja, chapisho likapanda. Yalipobandikwa mia, likawafikia wengi zaidi. Waliosema "acha" walikuwa wanasukuma.

Kuanzia Agosti 2017 Warohingya zaidi ya laki saba walikimbilia Bangladesh. Machi 2018 mkuu wa ujumbe wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, Marzuki Darusman, alisema mitandao ya kijamii ilichangia kwa kiwango kikubwa kuieneza chuki hiyo, na Novemba mwaka huohuo Facebook yenyewe ilikiri kwamba haikuwa imefanya vya kutosha. Iliajiri wasemaji wa Kiburma kwa makumi na kuanza kugeuza maandishi ya Zawgyi kuwa Unicode. Nchi yenyewe ilihamia Unicode rasmi tarehe 1 Oktoba 2019. Kuanzia hapo, taratibu, mashine ikaanza kusoma kile ambacho kwa miaka mitano ilikuwa inakihesabu tu.